Nakala za vitabu kabla havijatoka: kwa nini unakataliwa

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Iringa, mpenzi mkubwa wa riwaya. Nimejiunga na NetGalley, tovuti ambako wachapishaji hugawa nakala za vitabu kabla havijatoka, nivisome na kuviandikia mapitio, lakini kila nikiomba nakataliwa. Je, watu wa huku hatupewi? Na nikipewa bure, ni lazima nikisifie kitabu?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mnapewa. Nimo katika kazi ya kuhariri na kutangaza vitabu, na maombi mengi yanayokwama hayakwami kwa sababu mwombaji hajui kuandika. Yanakwama kwenye haki za mauzo na kwenye wasifu mtupu.

Mwandishi wa Kiingereza mara nyingi huuza haki za riwaya yake kwa mafungu. Mchapishaji wa New York hupewa Marekani na Kanada. Wa London hupewa Uingereza na nchi nyingine nyingi za Jumuiya ya Madola, ambamo kwa kawaida Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Huyo wa New York haruhusiwi kuuza kitabu hicho Iringa, basi mapitio yako, hata yawe mazuri vipi, hayamuuzii nakala hata moja. Lakini kitabu hichohicho huenda kimewekwa NetGalley mara mbili, kila toleo na jalada lake. Kabla ya kuomba, angalia jina la mchapishaji, kisha omba toleo la London. Tafadhali usiandike kwamba unaishi Marekani ili upite. Ukijulikana, umepoteza imani ya watu ambao utawahitaji tena.

Sasa wasifu. Anayeamua huona mistari michache tu: wewe ni nani, mapitio yako husomwa wapi, na kati ya vitabu ulivyopewa umeandikia vingapi. NetGalley yenyewe inapendekeza ufikie asilimia 80. Anayeomba vitabu ovyo kisha akakaa kimya hujifungia njia mwenyewe. Anza na vile vyenye alama ya “Read Now”, havihitaji idhini ya mtu. Chukua viwili, vimalize, peleka mapitio, ndipo uombe vile vinavyogombaniwa. Na badala ya kuandika “napenda sana kusoma”, sema kwa Kiingereza kitu kama hiki: “Mwalimu wa fasihi, Iringa, Tanzania. Naandikia riwaya za Kiafrika na za upelelezi mapitio ya maneno kama 300, Goodreads na kwenye ukurasa wangu wa Facebook unaosomwa na walimu wenzangu.” Hapo mchapishaji anamwona msomaji ambaye hakuwa na njia ya kumfikia. Ukikubaliwa, pakua mapema, kwa kuwa vitabu huondolewa.

Kusifia si lazima hata kidogo, na hili nalisema kwa uzito. Nakala ya bure si ujira. Amazon inamruhusu mwandishi kugawa kitabu bure, lakini inamkataza kuyafanya mapitio kuwa sharti. Kwa hiyo akitokea mtu anakudai nyota tano, achana naye. Wajibu wako ni kusema ukweli wa namna ulivyokipata: “Nilipewa nakala hii bure na mchapishaji, maoni ni yangu.” Sentensi hiyo moja inatosha.

Kumbuka pia kwamba nyingi ya nakala hizi ni prufu, yaani bado hazijasahihishwa kwa mara ya mwisho. Usiwashutumu wachapishaji kwa makosa ya chapa, na usinukuu kabla ya kulinganisha na kitabu kilichotoka. Na nakala uliyopewa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp, hata la walimu.

Kwa vitabu vya Kiswahili, usitegemee NetGalley. Mwandikie mchapishaji moja kwa moja. Fuatilia Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa. Baadhi ya iliyoshinda imetolewa na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam. Matokeo yakitangazwa, andika mapema. Taja kitabu unachokitaka, mapitio yatatokea wapi na lini, na ambatanisha moja uliyokwisha kuandika. Ongeza kwamba PDF inakutosha, maana gharama ya kutuma kitabu cha karatasi humfanya mchapishaji mdogo asite.