Invata inazima usiku na grupu zima kimya: shida ipo kwenye swali

Mleta mada, umesema uliandika kwenye grupu la mafundi sola "wakuu invata inazima usiku shida nini" (invata ndo ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani), ukakaa mpaka jioni kimya, mmoja tu kakujibu "betri imekufa hiyo" akapotea. Mi nafunga sola na magrupu hayo nimo muda mrefu, hamna aliyekudharau mkuu. Wengi tunasoma meseji tukiwa juu ya bati, sasa swali kama hilo ili nikujibu inabidi kwanza nikuhoji kama polisi, betri gani, paneli ngapi, unawasha nini, waya wa ngapi... mtu anapita tu.

Hebu ungeandika hivi: "Invata 12V 1000W, betri moja ya 100Ah ina miaka miwili, paneli mbili za wati 100. Nawasha taa, tv na friji dogo. Taa na tv zinakesha, friji likitaka kuwaka tu invata inapiga kelele inazima. Betri ikipumzika inasoma volti 12.5, friji likianza nikipima pale waya zinapoingia kwenye invata inashuka mpaka 10.3." Aisee hapo hata waliolala wanaamka, maana umeshatufanyia nusu ya kazi. Betri ya 12V ya asidi iliyopumzika masaa kadhaa bila chaji wala mzigo ikijaa inasoma kama 12.6 hivi au 12.7, nusu ni kama 12.2, ukiona 11.8 hamna kitu humo. Kwahiyo 12.5 chaji ipo. Na friji likianza linavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida yake, na invata nyingi za 12V zinakata zikiona kama 10.5. Nitakwambia kapime tena friji likianza, ila safari hii kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Ukikuta betri imebaki 12 na invata inapata 10.3 basi volti zinapotelea njiani, waya mwembamba au nati imelegea. Ukikuta betri nayo imeshuka hukohuko, ndo tuongelee betri. Wati 1000 kwa volti 12 ni ampea 83 na zaidi, halafu unakuta mtu kaunganisha kwa waya mwembamba wa soketi wa 2.5mm², utapona kweli?

Ndo maana swali linaloniudhi kuliko yote ni la "invata ya 3000W Kariakoo bei gani". Anapewa bei, ananunua, usiku inazima vilevile kwasababu waya ni uleule. Uliza tatizo lako jamani, usitufiche ugonjwa ukatuuliza bei ya dawa uliyojiandikia mwenyewe.

Salamu hatukatai, sisi waswahili, ila usiandike "habari za humu wakuu, kuna fundi hapa?" ukasubiri tuitike. Salamu na swali meseji moja. Voisi za dakika nne na jenereta linanguruma nyuma mi sifungui, na hata ikijibiwa mwenzako hawezi kuitafuta kesho. Picha tuma ya lebo nyuma ya paneli isomeke namba zote, picha ya paa lako lote haitusaidii kitu. Huna multimita, kile kifaa cha kupimia volti? Sema huna, watu watakuelekeza cha kuangalia, kuliko kubuni namba. Na usilibandike swali magrupu matano kwa mpigo, humo kote tumo walewale, wala usianze kumfuata mtu inboksi kisa kakujibu mara moja.

Wajuaji wenye dharau wapo sikatai, hao wapite.

Ila likishatengemaa rudi useme ilikuwa nini. Kuna mijadala mirefu humo nimeisoma usiku kutafuta shida ya mteja, nafika mwisho nakuta "asanteni wakuu imekubali" basi. Imekubali baada ya kufanya nini ndugu?

Sasa mleta mada pima sehemu zile mbili friji likiwa linaanza, utupe na unene wa waya wa kutoka betri kwenda invata na urefu wake. Na ukienda kwenye betri vua pete na saa ya chuma, spana ikigusa vichwa vyote viwili kwa pamoja utaona cheche ambazo hutazipenda.