Zimwi likiingia mtaani kwako, mnapigana lini?

Mkuu, unauliza kama zimwi la Arkham Horror, ule mchezo wa mezani (toleo la 2005), likiingia ulipo mnapigana papo hapo. Hapana, linasimama tu. Pambano linakuja zamu yako ya kutembea: ukitaka kutoka, au ukimalizia mwendo hapo hapo. Unaweza kujaribu kukwepa. Ukishindwa linakujeruhi, na hatua zilizobaki umezipoteza. Pambano likianza unapimwa hofu kwa dadu, mara moja tu, ndipo urushe dadu za kupigana. 5 na 6 ndizo zinazohesabika.

Rangi ya ukingo wa kipande cha zimwi nayo muiangalie: nyeusi linasogea hatua moja, nyekundu mbili, njano halibanduki. Hao wenzako wa Nkuhungu wanaosogeza kila zimwi kila zamu wanajitesa bure. Yanasogea yale tu ambayo alama iliyochorwa kwenye kipande chao imetoka kwenye karata ya Mythos ya zamu hiyo.