Wasanifu wa Wenye Kipato Kidogo

SWALI: Sisi wazazi tunataka kuongeza madarasa mawili ya chuo cha watoto wetu. Tumeambiwa zipo ofisi ndogo za wasanifu majengo zinazojali jamii. Ni watu wa aina gani hao, nao wanaishi vipi ikiwa wateja wao hatuna fedha?
Mzazi, Kisauni

JIBU: Ndugu mzazi, mfano ulio wazi ni Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, ambaye akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin alichangisha fedha za kujenga shule ya kijijini kwao, ikakamilika mwaka 2001, kabla hata hajafungua ofisi yake mwaka 2005. Wanakijiji wenyewe walifyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na paa la bati likainuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipate pa kutokea, faida ambayo anayesomesha chini ya bati hapa Mombasa mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa. Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kabisa katika usanifu majengo, aliipata mwaka 2022, na kazi yake imefika hata Turkana.

Kuhusu riziki, ofisi nyingi za namna hii hutegemea wafadhili au wateja wenye uwezo. Hata hivyo ulizeni ada mapema, na mhakikishe kwamba msanifu amesajiliwa na bodi husika. Mimi ningemchagua yule anayekaa kwanza na fundi wenu na kuuliza kaskazi huingilia upande gani wa kiwanja.