Maswali yenu kuhusu rubani Leonard Cheshire

Makala yetu kuhusu Leonard Cheshire, rubani Mwingereza wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, imeleta barua nyingi. Nimechukua chache.

Alifanya nini siku aliyojipatia Msalaba wa Victoria? (Msomaji, Tanga)

Hakuna siku moja. Nishani hiyo, ya juu kabisa ya ushujaa vitani huko Uingereza, kwa kawaida hutolewa kwa tendo moja, lakini yeye alitunukiwa Septemba 1944 kwa miaka minne ya kurudi kwenye moto, safari za vita 100. Kwangu mimi hilo ni zito zaidi. Tendo moja mtu anaweza kulifanya kwa kupandwa na mori. Safari ya 80 unaiendea ukijua kabisa kinachokungoja.

Ni kweli aliwaonya watu kabla ya kuwapiga? (Msomaji, Morogoro)

Kweli, ila hao hawakuwa maadui. Februari 1944 kikosi chake, namba 617, kilitumwa Limoges, Ufaransa, kukipiga kiwanda cha injini za ndege kilichokuwa kikiwatumikia Wajerumani. Ndani walikuwamo mamia ya wanawake wa Kifaransa wa zamu ya usiku. Cheshire alishusha Lancaster yake, ndege ya injini nne, ikapita karibu na paa mara tatu bila kudondosha kitu, mpaka wakatoka mbio. Aliporudi tena ndipo alipoangusha mabomu ya moto ya kuonyesha shabaha, na wenzake waliokuwa juu wakakimaliza kiwanda.

Alikuwa na umri gani? (Msomaji, Nakuru)

Alizaliwa 1917, kwa hiyo usiku ule wa Limoges alikuwa na miaka 26. Urubani aliuanza akiwa mwanafunzi wa sheria Oxford.

Nasikia bomu la Nagasaki ndilo lililomgeuza akawa mtu wa dini. (Msomaji, Mombasa)

Hadithi hiyo ni tamu kuliko ukweli. Agosti 9, 1945, Wamarekani walipoudondoshea mji huo wa Japani bomu la atomiki, alikuwa angani kama mtazamaji wa serikali ya Uingereza, lakini ndege yake ilipotezana na zile nyingine, kwa hiyo wingu lile aliliona kwa mbali. Hakulilaani bomu baadaye. Aliendelea kuamini kwamba ndilo lililovimaliza vita. Alijiunga na Kanisa Katoliki mwishoni mwa 1948, baada ya kumuuguza mtu aliyekuwa akifa, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Je, hizi nyumba za Cheshire za walemavu zina uhusiano naye? (Msomaji, Kampala)

Ndiye mwanzilishi. Mwaka 1948 alikuwa na jumba kubwa, Le Court, lililomlemea kwa madeni. Arthur Dykes, waliyewahi kufanya kazi pamoja, alikuwa akifa kwa saratani na hakuwa na pa kwenda. Cheshire akamchukua, akamuuguza mwenyewe: kumwogesha, kumlisha, kubadilisha mashuka. Wengine wakafuata, na nyumba zikaenea nchi nyingi. Kenya zipo, na hapo kwenu kuna Katalemwa, inayohudumia watoto.

Aliwahi kuoa? (Msomaji, Dodoma)

Mara mbili. Kwanza alimwoa Constance Binney, mwigizaji wa Marekani aliyemzidi kwa miaka zaidi ya 20, haikudumu. Mwaka 1959 alimwoa Sue Ryder, ambaye naye alikuwa na nyumba zake za kuwatunza wagonjwa, wakaishi pamoja hadi Julai 1992, Cheshire alipofariki kwa maradhi ya neva yaliyomlemaza viungo.