Maswali na Majibu: Usiniambie "Wi-Fi haipo", nipe namba

Wiki hii karibu barua zote zina kilio kimoja: nimeunda kompyuta mwenyewe, imewaka, feni zinamulika rangi zote kama ukumbi wa harusi, lakini Wi-Fi haipo. Haya, tuyamalize leo. Wenye maswali ya printa mtanisubiri.

Shikamoo Fundi. Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza, madabodi ya B550 na prosesa ya Ryzen 5. Nimeweka Windows 10 kwa flashi ya kaka yangu. Wi-Fi haionekani kabisa, na hata nikichomeka waya wa ruta hausomi. Nimeiunguza? – Msomaji, Tabata

Marahaba. Hujaunguza kitu, ni flashi ya kaka yako iliyopitwa na wakati. Madabodi (bao kuu la kompyuta) nyingi za B550 zina chipu ya waya ya gigabiti 2.5, mara nyingi Realtek RTL8125, na Windows 10 za miaka ya nyuma hazikuja na draiva yake (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa), kama ambavyo hazikuja na draiva za kadi nyingi za Wi-Fi 6. Umefungiwa mlango wa mbele na wa uani kwa mpigo. Hapo ndipo fundi asiye na haya anapokuuzia madabodi nyingine.

Bofya kulia kwenye Start, fungua Device Manager. Utakuta "Network Controller" ina alama ya njano. Ukiifungua itakuambia "Code 28", yaani kifaa kipo, draiva ndiyo haijawekwa. Ingia "Details", kisha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari kama PCI\VEN_14C3&DEV_0616. Watu wengi wakifika hapa hufunga dirisha kana kwamba wameona nyoka, na wakati jibu lote limo humo. VEN ni mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel (walijipa namba ya prosesa yao ya 1978, majivuno ya kizee), 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 168C ni Qualcomm Atheros, 14E4 ni Broadcom. DEV ni chipu yenyewe: kwa Intel, 2723 ni AX200 na 2725 ni AX210, kwa MediaTek, 7961 ni MT7921 na 0616 ni MT7922. Hiyo ya mwisho huuzwa pia kwa jina la AMD RZ616, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili ya kitu kimoja.

Ukishaijua chipu, ingia tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako, sehemu ya "Support", uchukue draiva ya Wi-Fi na ya waya. Kama kadi ni ya Intel unaweza kuchukua kwa Intel wenyewe. Weka kwenye flashi, fungua zipu (rudia: fungua zipu), kisha rudi Device Manager, "Update driver", "Browse my computer", uonyeshe folda yenye faili la .inf na uache tiki kwenye "Include subfolders". Dakika mbili.

Hukuniuliza, lakini Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Ryzen 5 mpya unaivalisha nguo ya marehemu kwa nini?

Fundi Wi-Fi haifanyi kazi msaada tafadhali. – Hakujitaja

Na mimi mguu unaniuma.

Kaka, hiyo draiva nitaipakuaje na kompyuta haina intaneti? Sina kompyuta nyingine, jirani naye kasafiri. – Mwanza

Una simu ya Android? Ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ingia sehemu ya hotspot kwenye mipangilio ya simu, washa "USB tethering". Windows itaiona simu kama kadi ya mtandao, haihitaji draiva ya kutafuta. Wengi hawajui kwamba simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani itapitisha hiyohiyo, bando lako halitaguswa. Lakini waya uwe ule unaopitisha data. Nyaya za bei ya karanga huchaji tu, nawe utakaa nusu saa ukiilaumu Windows.

Kama unatumia bando, kabla ya kufanya lolote nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe "Metered connection". Windows ikionja intaneti kwa mara ya kwanza inakula kama mgeni aliyefunga siku tatu. Nimewahi kupoteza bando la wiki nzima wakati nimekwenda kuchemsha chai.

Wenye iPhone, kompyuta itataka draiva ya Apple kwanza, kwa hiyo mmerudi palepale. Azimeni Android.

Nimeweka kadi ya Intel AX211 niliyoipata kwa bei nzuri hapa Nairobi. Imeingia vizuri kwenye sloti, lakini madabodi yangu ya AMD haiioni kabisa, hata ile alama ya njano haipo. Natafuta draiva siku ya nne. – Msomaji, Embakasi

Acha kutafuta. Hakuna draiva itakayokusaidia hata ukitafuta mpaka Krismasi.

AX201 na AX211 ni nusu ya kadi. Nusu nyingine iko upande wa Intel, ndani ya prosesa au chipseti, kwa mpango wao unaoitwa CNVi. Ukiichomeka kwenye AMD ni kama kununua kiatu cha kushoto tu. Sloti inafanana, skrubu inafanana, muuzaji naye anakuapia kwamba "hizi zinaingia kote". Kuingia inaingia. Irudishe ukaombe AX210, hiyo ni kadi kamili na hukaa popote. Tofauti ya tarakimu moja kwenye jina, na ndiyo maana ya bei nzuri.

Ukitamani Wi-Fi 7, kuwa mwangalifu na kadi ya Intel BE200 pia. Wenye AMD wengi wamelia nayo. Tena Wi-Fi 7 yenyewe kwa Windows inataka Windows 11 toleo la 24H2. Halafu jiulize: ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti ni Wi-Fi ya ngapi?

Nimepata programu inayotafuta draiva yenyewe. Imesema nina draiva 27 zilizochakaa, nilipie leseni ndipo izirekebishe. Nilipe? – Dodoma

Usilipe, na uiondoe leo.

Hili nimeliandika mara ngapi? Draiva si programu kama ya kupigia muziki. Inakaa ndani kabisa ya mfumo, karibu na moyo wa Windows, inaona mengi kuliko unavyoona wewe mwenyewe. Halafu unamkabidhi kazi hiyo mtu usiyemjua, kwa sababu tu amekuonyesha namba 27 kwa wino mwekundu. Kompyuta uliyoiwasha jana itachakazaje draiva 27? Namba hiyo ni ya kukutisha. Wengi wa hawa huhesabu hata draiva za Windows zenyewe ambazo hazihitaji kuguswa.

Mimi niliwahi kuamini mmoja wao, zamani. Wi-Fi ilipatikana, kweli. Pamoja nayo nikapata kivinjari nisichokiomba, antivirusi mbili zinazogombana, na kadi ya sauti iliyonyamaza mpaka nilipofuta kila kitu. Vivyo hivyo na zile flashi za "madraiva yote" zinazozunguka madukani. Nani aliyezijaza, na lini? Wewe ulihitaji draiva moja. Namba yake imeandikwa ndani ya kompyuta yako, bure.

Nimepakua draiva kwenye tovuti halali ya Gigabyte, jina la madabodi ni lilelile, lakini inakataa. – Unguja

Tazama kwenye kona ya madabodi pameandikwa "rev" na namba. Madabodi ya jina moja huweza kutoka na marekebisho tofauti, na kadi ya Wi-Fi ya mtengenezaji tofauti. Tovuti yao inakutaka uchague rev kwanza. Usipokuwa na hakika, rudi kwenye VEN na DEV. Namba hiyo haibadiliki kwa sababu boksi limebadilishwa rangi.

Kadi yangu ya PCIe ina Wi-Fi safi lakini Bluetooth haipo. – Arusha

Kuna kawaya kadogo kwenye boksi ulikokaacha. Kachomeke kwenye pini za USB za madabodi: Wi-Fi hupita PCIe, Bluetooth hupita USB.

Wi-Fi ipo, draiva ipo, lakini chumba cha pili tu mtandao unakatika. – Mombasa

Antena umefunga? Zile mbili, nyuma ya kasha. Nakuuliza kwa upole.

Mimi natumia Ubuntu. Nimenunua kidude cha Wi-Fi cha USB, kinaonekana kama CD badala ya Wi-Fi. Nimeibiwa? – Kigoma

Hujaibiwa. Andika lsusb kwenye terminali. Ukiona 0bda:1a2b, hiyo ni chipu ya Realtek iliyojificha kwenye sura ya CD. Ndani ya hiyo "CD" wameweka draiva ya Windows, hila nzuri kwa wenye Windows, kero kwa wengine. Itoe kama unavyotoa CD, yaani "Eject", kisha subiri sekunde chache. Itavua joho na kujitokeza kama kadi ya mtandao yenye namba nyingine. Iandike hiyo namba mpya, ndiyo ya kutafutia. Kernel (kiini cha mfumo wa Linux) mpya zina draiva za chipu nyingi za Realtek. Kwa hiyo kabla ya kunakili amri kutoka kwa mtu usiyemjua, sasisha mfumo kwanza.

Fundi, nimekutumia picha ya madabodi yangu, niambie ina Wi-Fi gani. – Morogoro

Picha uliyonitumia ni ya boksi, upande wa bei.