Nilisema Saba, Nikapewa Saba

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja wa Eldoret. Amemaliza diploma ya utalii, anataka kuja kutembeza wageni Ulaya kama mimi, na swali lake ni moja tu: "Dada, nisome kitabu gani nisije nikafeli?" Nilicheka peke yangu ndani ya treni, wala si kwa kumdharau. Swali hilo hilo nilijiuliza mimi, nikalijibu vibaya, na gharama yake nikailipa.

Nianze na habari njema, maana nimeingoja sana na leo sioni haya kujisifu. Mwezi uliopita nilifaulu mtihani wa mdomo wa kuongoza wageni hapa Paris: 15 kwa 20. Asiyewajua Wafaransa ataona hiyo ni alama ya kawaida tu. Hawa watu hutoa alama kama mwenye duka anavyotoa mkopo. Lakini kabla ya hiyo 15 kulikuwa na 7, na hiyo 7 ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Mara ya kwanza nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Nilikuwa zamu ya usiku katika mapokezi ya hoteli, na wageni wakishalala natoa kadi zangu. Mada yangu kuu ilikuwa Neoklasiki, ule mtindo wa karne ya 18 ambapo Ulaya ilichoshwa na mapambo ya kupindapinda na malaika wanono, ikarudi kwa Wagiriki na Warumi kutafuta mistari iliyonyooka. Kadi zilijaa. Miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkano: Herculaneum kuanza kufukuliwa, 1738. Pompeii, 1748. Winckelmann, mtoto wa fundi viatu wa Kijerumani, anaandika mwaka 1755 kuhusu "usahili adhimu na ukuu tulivu" wa sanaa ya Kigiriki, naye Ugiriki kwenyewe hakukanyaga hadi alipouawa Trieste mwaka 1768. Ungeniamsha usingizini ningekujibu.

Siku yenyewe ilipofika nikakuta watahini watatu na skrini ukutani. Picha ikatokea, moyo ukatulia: Kiapo cha Wana wa Horatius, ya mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David. Nikaanza kumwaga. Ilichorwa Roma mwaka 1784, ikaonyeshwa Paris mwaka 1785, imezidi mita tatu kwenda juu na mita nne kwenda upande, iliagizwa kwa ajili ya mfalme Louis wa 16. Nikaeleza kisa: Roma na Alba zina vita, kila mji unatoa ndugu watatu wapigane kwa niaba ya wote, na hapa wana wa Horatius wanaapa mbele ya baba yao. Nikaunganisha na Pompeii, nikaunganisha na Mapinduzi ya Ufaransa. Nilijisikia kama mhubiri siku ya Idi.

Mtahini mmoja, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni, akazima skrini.

"Kwenye picha kuna watu wangapi?"

Nikapiga hesabu kichwani. Wana watatu, baba mmoja mwenye panga, wanawake watatu upande wa kulia. Nikasema saba.

Akaiwasha tena bila neno. Nyuma kabisa, kwenye kivuli, nyuma ya wale wanawake wawili walioinamiana kwa huzuni, kuna mwanamke wa tatu amejifunika, na ndani ya mikono yake mna watoto wawili. Anawaziba wasione. Mkubwa wao anachungulia kati ya vidole vyake, anawatazama wanaume wanaokwenda kufa. Watu ni tisa. Mimi nilikuwa nayo hiyo picha kwenye simu, kwenye kadi, hadi kwenye mlango wa friji, na wale watoto sikuwahi kuwaona.

Nilisema saba, nikapewa saba. Baadaye niliweza kulicheka hilo. Ambalo sijalicheka hadi leo ni la yule mtahini mwingine aliyenisindikiza mlangoni, akaniambia kwa sauti ya upole, kana kwamba ananipa zawadi, kwamba pengine sanaa za Afrika "zingenifaa zaidi." Sina ugomvi na sanaa za Afrika, ni zangu. Ila yeye hakunishauri, alinionyesha njia ya kutokea. Wewe unayesoma hapa na unaota ndoto kama yangu, utaambiwa hayo, na utaambiwa kwa tabasamu. Jiandae.

Miezi iliyofuata nairuka, haina utamu: hoteli, usingizi, kodi ya nyumba. Kilichonirudisha ni David mwenyewe. Tunamwona ukutani kama sultani, kumbe alipokuwa kijana alihangaikia ile tuzo ya kupelekwa kusoma Roma akaikosa mwaka 1771, akaikosa 1772, akaikosa 1773. Alipoikosa 1772 alijifungia ndani akagoma kula ili afe. Akaipata 1774. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nakula chapati ya jana, nikasema basi, mimi angalau nimekula.

Ndipo nikaanza kwenda Louvre, jumba la makumbusho ilipo ile picha ya David, bila kadi wala kalamu. Jumatano na Ijumaa hufungwa usiku, na saa za mwisho watu hupungua. (Jumanne hawafungui kabisa. Hilo nalo nililijua kwa kufika Jumanne.) Nilikuwa nasimama mbele ya picha moja, moja tu, nusu saa. Dakika tano za kwanza unaona unayoyajua. Baadaye unachoka, unaona aibu kusimama, mlinzi anakutazama. Ukivuka hapo, picha inaanza kukusemesha.

Niliona kwamba matao matatu ya nyuma yamewagawa watu makundi matatu: wana, baba, wanawake. Niliona nguzo zile hazina ua wala jani, na rangi zimefinywa, isipokuwa joho jekundu la baba linalokuvuta katikati, pale penye panga. Wanaume wote ni mistari iliyonyooka, miguu imekazwa kama nguzo za nyumba, na wanawake wote ni mikunjo inayoporomoka. Neoklasiki nzima imo katika mgawanyiko huo, na dhuluma yake pia imo. Camilla, yule dada mtu aliyevaa nyeupe, mchumba wake yuko upande wa maadui. Kaka yake atarudi peke yake akiwa hai, na atamwua kwa sababu analia. Mchoraji hakuchora hilo. Alichora shingo ya yule binti ilivyolegea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tazama kabla hujasoma. Wa pili ni huo huo.

Majengo nayo ni hivyo hivyo. Nimekulia Nairobi, na njia yetu ya kwenda kwa shangazi ilipita mbele ya maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo ndefu na simba wa mawe. Sisi watoto tulipanda migongo ya simba. Nguzo hatukuzitazama, zilikuwa ukuta tu. Siku niliyosimama mbele ya Panthéon ya hapa, nguzo sita mbele na pembetatu juu yake, ndipo nikajua kwamba nimekulia chini ya baraza la Kirumi lililoletwa na Waingereza. Leo wageni wangu wakichanganya aina za nguzo nawapa njia yangu ya kienyeji: kichwa cha nguzo kikiwa kama sahani, hiyo ni ya Doriki. Kikiwa na pembe za kondoo dume, ni ya Ioniki. Kikijaa majani kama fungu la mchicha, ni ya Korintho. Hawasahau tena.

Na Panthéon ukiizunguka kwa nje utaona kuta kubwa mno, kavu, bila madirisha. Usipite. Ilianza kama kanisa la mtakatifu Genevieve, kazi ya msanifu Soufflot, lenye madirisha ya kutosha. Mwaka 1791 Mapinduzi yakaligeuza kaburi la mashujaa, madirisha yakazibwa ili ndani pawe na giza la makaburini. Yalipokuwa bado panaonekana kwenye mawe ukitulia. Nilikuwa nimeisoma tarehe hiyo mara ishirini, ila ukuta ndio ulionieleza.

Tena usikubali kuambiwa kwamba mtindo huu ni wa weupe peke yake. Winckelmann na wenzake walisifu sana marumaru nyeupe, kumbe sanamu za Wagiriki zilipakwa rangi, mvua na karne zikaiosha. Na katika Louvre hiyo hiyo yuko mwanamke mweusi aliyechorwa mwaka 1800 na Marie-Guillemine Benoist, mwanafunzi wa David. Kilemba cheupe, hereni ya dhahabu, shali ya buluu kwenye kiti, na jicho linalokutazama wala halishuki. Alitoka Guadeloupe. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794, na mwaka 1802 Napoleon akaurudisha. Miaka mia mbili na zaidi aliitwa kwa rangi yake tu, hadi maonyesho ya mwaka 2019 katika Musée d'Orsay yalipomrudishia jina: Madeleine. Mara ya pili mtihani uliponiletea uhuru wa kuchagua picha, nilimchagua yeye. Yule mtahini mpole alikuwepo. Sikumtazama yeye, nilimtazama Madeleine, na nilianza kwa kueleza jinsi kilemba chake kilivyofungwa, kwa sababu mimi nakijua kilemba na yule mtahini hakijui.

Sasa, dada yangu wa Eldoret, kitabu. Soma chochote, vyote vinasema mamoja. Ila kwanza chukua picha moja kwenye simu, ikuze, hesabu watu, hesabu mikono, uliza nani anamtazama nani na nani hatazamwi. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mzima. Utaniambia ni kazi ndogo. Wavivu wote husema hivyo, na mimi nilikuwa wa kwanza wao.

Jumapili nilipata kundi langu la kwanza la Waswahili, familia kutoka Mombasa iliyokuja harusini. Baba alitaka kumwona Mona Lisa apige picha waondoke. Nikawapitisha kwa David, nikaanza maneno yangu ya panga na kiapo. Binti yao, miaka sita hivi, alikuwa amejificha nyuma ya buibui la mama yake kwa uchovu. Akanivuta mkono katikati ya sentensi.

"Shangazi, yule mtoto pale nyuma anachungulia."