Changarawe nzuri iko mpakani: tuifuate?

SWALI: Shikamoo Mzee. Tunachimba changarawe kwenye shamba la familia. Ukuta wa shimo una kimo cha mita 8, umesimama wima, na kutoka ukingoni hadi kwa jirani zimebaki mita 15. Changarawe safi kuliko yote iko huko huko mpakani. Ndugu zangu wanasema tumalize kuchimba kwanza, habari ya kurudishia ardhi tutaijua baadaye. Udongo wa juu tumeurundika pembeni, na kuna mtu anautaka kwa bei nzuri. Unatushauri nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shimo lenu limeshafika mwisho upande huo, ila hamjapiga hesabu.

Mteremko ambao nyasi zitashika na ng'ombe atapanda bila kuporomoka unataka mita 3 za ulalo kwa kila mita 1 ya kimo. Kimo chenu ni mita 8, kwa hiyo ni mita 24. Kifusi cha kujenga mteremko huo mtakitoa wapi? Mlichochimba kimeondoka na malori. Kilichobaki ni ukuta wenyewe: tinga linakata nusu ya juu na kuisukuma chini. Ukingo unarudi nyuma nusu ya zile 24, yaani mita 12; nusu nyingine inalala ndani ya shimo. Toa 12 kwenye 15, mnabaki na mita 3, za mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasishukie shimoni. Na kibali chenu huenda kinadai zaidi ya hapo, kisomeni tena.

Mimi shimo langu la kwanza nililichimba hadi mpakani. Mvua zilipokuja, nguzo mbili za uzio wa jirani zikabaki zinaning'inia kwenye waya. Nilinunua kifusi lori kwa lori kujaza nilichokuwa nimekiuza.

Pia msiwaruhusu vijana kuchimbua chini ya ukuta ili juu paanguke penyewe. Changarawe haina gundi, wala haipigi hodi.

Kusubiri hadi mwisho sikushauri, maana siku hiyo pesa na mashine vyote vitakuwa vimeondoka. Kona iliyokwisha ichongeni sasa, tinga likiwa bado lipo. Sakafu ya shimo imeshindiliwa na malori mpaka imekuwa kama barabara, hivyo ipasueni kwa meno ya tinga kwanza, ndipo mtandaze udongo, tena siku za ukavu. Mkiutandaza juu ya sakafu ngumu, maji yatasimama na mizizi itaoza.

Sasa huyo mnunuzi. Hekta moja yenye udongo wa juu wa sentimita 30 inatoa mita za ujazo 3,000. Mkiuuza, mtaotesha nini juu ya mawe? Rundo lishusheni lisizidi mita 2, lori lisilikanyage, mpande kunde juu yake. Yeye muuzieni changarawe.